Kitana cha Moto na Pasi ya Nywele: Habari Zake na Namna ya Kuvitumia kwa Salama



Katika mazungumzo haya twataka kueleza habari za chombo kidogo ambacho huenda wengine wakakidharau, wakisema kuwa hakistahili kutajwa mahali panapotajwa habari za wafalme na vita. Chombo chenyewe ni kitana cha chuma kinachopashwa moto, pamoja na mdogo wake, pasi ya nywele itumiayo umeme. Kwa vyombo hivi wanawake wengi, na wanaume wachache pia, huzinyosha nywele za kipilipili nyumbani mwao zikawa kama za singa kwa muda wa siku kadha. Wako wanaofanya hivyo miaka mingi wala wasipatwe na jambo. Na wako ambao sisi tufundishao huwaona darasani siku ya Jumatatu, sikio lina alama nyeusi ya kuungua, au nywele za mbele zimekatika kama majani yaliyopitiwa na moto wa kiangazi.

Tukiuliza sababu, twajibiwa kuwa chombo ni kibaya. Mara nyingi chombo hakina hatia. Shida ni ile ile iliyowasumbua waliokitumia tangu mwanzo, yaani, mkono utajuaje kiasi cha joto? Watu wa zamani walitafuta jawabu la swali hilo kwa taabu, na majawabu yao yanafaa hata leo.

Kwanza yatupasa kujua unywele ni kitu gani. Unywele ulioota nje ya ngozi hauna uhai. Umejengwa kwa kitu ambacho wataalamu hukiita keratini, ambacho ndicho kilichojenga kucha zetu, na pembe ya ng'ombe, na sufu ya kondoo. Ndani yake mna nyuzi nyembamba mno, na nyuzi hizo zimeshikana kwa vifungo vya namna mbalimbali. Vifungo vingine ni vigumu, havifunguki kwa joto la kawaida. Vingine ni dhaifu: maji huvifungua, na joto huvifungua pia, na nywele zikikauka na kupoa hujifunga tena katika umbo lile zilimowekwa.

Mfano wake ni kanga iliyofuliwa. Kanga yenye makunyanzi hunyunyizwa maji, ikapigwa pasi, ikanyoka. Ukiiacha mahali penye unyevu hujikunja tena. Nywele nazo ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu wa Mombasa au Tanga aliyenyosha nywele zake asubuhi huweza kuziona zikirudi jioni kwa ajili ya unyevu wa upepo wa bahari, na mwenzake wa Dodoma, penye hewa kavu, zikakaa juma zima. Si kwamba wa Tanga hakufanya kazi vizuri. Hewa imevifungua tena vile vifungo dhaifu.

Lakini kanga ikipigwa pasi kali mno huungua, na kanga iliyoungua haifuliki ikarudi kuwa nzima. Hilo nalo lishikeni.

Sasa tuingie katika historia. Watu wamezitengeneza nywele kwa vyuma vya moto tangu zamani sana, lakini kazi hii iligeuka kuwa ufundi wenye kanuni huko Ufaransa. Mtu aitwaye Marcel Grateau, aliyezaliwa mwaka 1852, alianza katika Paris yapata mwaka 1872 kutia mawimbi katika nywele za wanawake kwa koleo lililopashwa moto. Yeye hakutaka kunyosha. Alitaka mawimbi yaliyopangika vizuri. Hata hivyo alikabiliwa na shida ile ile, maana koleo halikuwa na kipimo. Wasusi wa ufundi huo walizoea kubana karatasi nyeupe kwa koleo kabla ya kugusa kichwa cha mtu. Karatasi ikigeuka rangi ya kahawia, koleo ni kali, na lingoje. Karatasi ikibaki nyeupe, kazi ianze. Kipimo hicho cha karatasi hakina gharama yo yote, nacho kimeokoa nywele nyingi kuliko dawa za chupa.

Wengine walijifunza kwa njia mbaya zaidi. Mjerumani Karl Nessler, ambaye mwaka 1906 aliwaonyesha watu wa London mashine yake ya kutia mawimbi ya kudumu, alikuwa amefanya majaribio yake ya kwanza juu ya kichwa cha mkewe, Katharina. Nywele za Bibi huyo ziliungua, na ngozi ya kichwa ikaungua pia. Vitabu vingi humsifu mume kwa uvumbuzi wake; sisi twaona hata huyu mke aliyetoa kichwa chake anastahili kutajwa.

Kitana cha chuma chenyewe kilijulikana Ulaya katika karne ya 19, na kabla ya mwaka 1900 kilikuwa kikiuzwa Marekani. Huko ndiko kilikopata watu wa kukifanya kuwa chombo cha kila nyumba, nao ni wanawake weusi, watoto na wajukuu wa watumwa. Hapo twataka kukaa kidogo.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Wanawake waliotoka katika utumwa walikuwa na kazi chache mbele yao: kulima pamba, kupika katika nyumba za wengine, na kufua nguo. Wengi waliishi katika nyumba zisizo na maji ya bomba, na nywele zilioshwa mara chache, tena kwa sabuni kali. Ngozi ya kichwa iliota ukoko na kuwasha, na nywele zikanyonyoka. Msidhani basi ya kuwa habari hii ilianza kwa kutaka urembo. Kwa wengi ilianza kwa maradhi ya kichwa.

Mmoja wa wale waliolitazama jambo hilo kwa akili ni Annie Turnbo Malone, aliyezaliwa katika jimbo la Illinois mwaka 1869 akabaki yatima. Alitengeneza dawa ya kupaka kichwani, akaiuza nyumba kwa nyumba, na mwaka 1902 akahamia mji wa St. Louis. Bidhaa zake aliziita Poro. Mwaka 1918 alifungua katika mji huo chuo kikubwa kilichoitwa Poro College, ambamo wanawake walifundishwa kuosha kichwa, kutunza ngozi, na kutumia kitana cha moto. Walifundishwa pia namna ya kuvaa, kusema na watu na kuweka hesabu, kwa kuwa Bibi Malone alijua kwamba msusi asiyejua hesabu hufanya kazi kwa faida ya mwingine.

Katika mawakala waliouza bidhaa zake alikuwamo mfuaji nguo mmoja, jina lake Sarah Breedlove. Huyu alizaliwa tarehe 23 Desemba, 1867, katika jimbo la Louisiana. Wazazi wake walikuwa watumwa, na yeye alikuwa mtoto wao wa kwanza kuzaliwa katika uhuru. Akawa yatima akiwa na umri wa miaka saba, akaolewa akiwa na miaka kumi na minne, akafiwa na mume akiwa na miaka ishirini na mtoto wa kike mikononi. Miaka mingi alifua nguo katika St. Louis kwa ujira wa dola moja na nusu hivi kwa siku. Nywele zake zilikuwa zikinyonyoka. Mwaka 1905 alihamia Denver, na mwaka uliofuata akaolewa na Bwana Charles Joseph Walker. Tangu hapo akajulikana kwa jina la Madam C. J. Walker, akaanza kuuza dawa yake mwenyewe.

Hapa hatuna budi kusahihisha neno linalorudiwa sana. Watu husema kuwa Madam Walker ndiye aliyevumbua kitana cha moto. Si kweli. Kitana kilikuwako kabla yake. Alichofanya ni kukiweka ndani ya utaratibu: kwanza kichwa kioshwe, kisha kipakwe dawa, nywele zikauke, ndipo kitana kipite. Naye mwenyewe hakupenda kuitwa mnyosha nywele. Alisema kuwa kazi yake ni kuponya vichwa na kukuza nywele. Mtu aweza kucheka, kwa sababu kitana kilikuwamo katika mfuko wa kila wakala wake. Lakini tukitazama utaratibu wenyewe twaona hakusema bure, maana kitana kilikuja mwisho, baada ya maji na sabuni.

Mwaka 1910 alijenga kiwanda katika mji wa Indianapolis. Wanawake kwa maelfu walijifunza kazi kwake. Mwanamke aliyekuwa akifua nguo za wengine kwa mikono iliyochubuka sasa aliweza kupasha kitana chake juu ya jiko lake mwenyewe, akapokea wateja wake, akawasomesha watoto wake. Mwaka 1917 mawakala zaidi ya 200 walikutana Philadelphia katika mkutano aliouitisha yeye. Hawakuzungumza nywele tu. Mwaka ule watu weusi wengi walikuwa wameuawa katika ghasia za East St. Louis, nao wanawake wale walimpelekea Rais Wilson simu ya maandishi, wakitaka sheria ya kuzuia mauaji ya namna hiyo. Madam Walker alifariki tarehe 25 Mei, 1919. Bibi Malone aliishi mpaka mwaka 1957.

Msifikiri kwamba watu wote waliwasifu. Mwaka 1904 mwalimu mashuhuri Nannie Burroughs aliandika akiwalaumu wanawake weusi waliozibadili nywele na ngozi zao, akiwataka watazame tabia kuliko rangi. Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha Tuskegee, naye hakuipenda biashara hii. Katika mkutano wa wafanya biashara weusi uliofanyika Chicago mwaka 1912, hakutaka kumpa Madam Walker nafasi ya kusema. Bibi huyo alisimama pasipo kuitwa, akawasimulia maisha yake tangu shamba la pamba mpaka kiwanda alichokijenga. Mwaka uliofuata, mkutano ulipofanyika Philadelphia, alikaribishwa kuwa msemaji.

Ubishi wa namna hiyo ulifika hata kwetu. Mwezi wa Oktoba, 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilianza Januari, 1969, kupiga vita sketi fupi mno, suruali za kubana, dawa za kuchubua ngozi na nywele za bandia, vikihesabiwa kuwa ni alama za utumwa wa mawazo. Watu walishindana kwa maneno makali katika magazeti ya Dar es Salaam. Sisi twaona kuwa nywele za kusuka, za kipilipili zilizochanwa vizuri, na zilizonyoshwa, zote zaweza kukaa juu ya kichwa chenye akili. Mwenye kichwa ndiye mwenye shauri. Tunalokataa ni kumwambia mtoto wa shule kuwa nywele alizozaliwa nazo ni chafu. Hilo ni uongo, na mtoto akiliamini ataunguza kichwa chake akilifuata.

Turudi katika chombo. Kitana cha zamani kilikuwa na mpini wa mti na meno ya chuma au shaba nyeupe, nacho kilipashwa juu ya jiko. Huku kwetu kiliwekwa juu ya jiko la makaa, na kazi yenyewe ikaitwa kuchoma nywele. Jina hilo lina ukweli ndani yake. Makaa yaliyowaka yana joto la mamia ya digrii, na kitana kilichosahauliwa hapo dakika chache tu huzidi mara nyingi joto linalofaa. Mwenye ujuzi alikitoa, akakifuta kwa kitambaa kikavu kuondoa majivu na masizi, akakigusisha karatasi au kitambaa cheupe, akangoja. Asiye na ujuzi alikitoa akakipeleka moja kwa moja kichwani.

Mafuta nayo yalikuwa na hatari yake. Mafuta machache hulainisha njia ya kitana. Lakini mafuta mengi hupata moto, yakatiririka mpaka ngozini na kuunguza mahali ambapo kitana hakikufika. Wengi walioungua shingoni au nyuma ya sikio hawakuguswa na chuma. Waligusika na mafuta.

Watu walitafuta vyombo bora. Mwaka 1909 Mmarekani Isaac Shero alipata hati ya kulinda uvumbuzi wa chombo chenye vibao viwili vya chuma vinavyozibana nywele kati yake. Huyo ni kama babu wa pasi ya nywele ya leo. Mwaka 1920 Walter Sammons wa Philadelphia alipata hati ya kitana kilichoboreshwa. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 wasichana wa Ulaya na Marekani waliotaka nywele nyofu walikuwa wakiinama juu ya meza, wakalaza nywele zao, na rafiki akapitisha juu yake pasi ya nguo! Twatumaini hakuna msomaji wetu atakayejaribu.

Jawabu la swali letu la kwanza lilikuja pamoja na umeme. Pasi nzuri ya nywele ina kifaa ndani yake kinachokata umeme joto likifika kiasi kilichowekwa, na kuurudisha likipungua. Vibao vyake mara nyingi hupakwa kauri ili joto lienee sawasawa na nywele zisinase. Karatasi ya Marcel sasa ni namba inayoonekana kwenye mpini. Lakini namba haifai kitu ikiwa mtu huiweka juu kabisa kwa haraka zake. Pasi nyingi huweza kufika digrii 230 za Sentigredi. Kichwa hakihitaji joto hilo. Nywele nyembamba, au zilizotiwa rangi, zatosheka na 150 hivi. Nywele nene zenye afya zisipitishwe 180.

Waganga nao walilitazama jambo hili, na habari yao yapendeza kwa kuwa walibadili shauri walipopata ushahidi. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliandika habari za wanawake weusi waliopata upara utosini, wakasema kuwa sababu ni kitana cha moto, yaani yale mafuta ya moto yashukayo mpaka kwenye shina la unywele. Wakauita ugonjwa huo upara wa kitana. Mwaka 1992 madaktari wengine walichunguza tena, wakaona kuwa upara haukufuatana na matumizi ya kitana kama ilivyodhaniwa. Wako waliougua bila kukitumia sana. Mwaka 2019 watafiti, wakiwamo wa Afrika Kusini, walionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa hao wamerithi kasoro katika kitu kinachosaidia kuujenga unywele. Kwa hiyo mwanamke anayeona nywele za utosini zikipungua na ngozi ikiwa laini na ya kung'aa asijilaumu, wala asilaumiwe na mumewe. Na aende kwa daktari wa ngozi mapema, kwa sababu shina likishakufa nywele hazirudi. Ila katika muda huo aache kutumia joto na misuko ya kubana.

Jambo jingine lilielezwa mwaka 1986, ambalo ni la muhimu zaidi kwa mtu wa nyumbani. Unywele uliopashwa joto kali ukiwa na maji ndani yake, maji yale hugeuka mvuke ghafula, na mvuke hutafuta njia ya kutoka, ukaacha mapovu katikati ya unywele. Mahali penye povu ndipo unywele ukatikapo. Mkisikia nywele zinalia chaaa na kutoa moshi chini ya pasi, mjue kuwa ndilo hilo linalotendeka.

Basi anayetaka kunyosha nywele zake nyumbani na aanze usiku wa jana. Azioshe, azichane zikiwa na maji kwa kitana chenye meno mapana kuanzia ncha kwenda shina, azisuke mabutu makubwa ziendelee kukauka zikiwa zimevutika. Asubuhi zitakuwa kavu kabisa. Unyevu mdogo tu ni sababu ya kungoja. Apake dawa ya kukinga joto, kidogo, isiwe ya kudondoka. Azigawe kwa mafungu membamba, upana wa vidole viwili, kwa maana fungu nene humlazimisha kupitisha pasi mara tatu na nne ambapo mara moja ya polepole ingetosha. Aanze mbali na ngozi kiasi cha upana wa kidole, atelemshe pasi pasipo kusimama. Karibu na sikio mwingine alikunje sikio kwa mkono. Na asirudie kazi hii kila siku. Mara moja kwa juma ni nyingi ya kutosha, na zikipita majuma mawili ni bora zaidi.

Mwenye umeme asiitumie pasi penye beseni la maji wala kwa mikono iliyolowa, wala asizungushe waya wake kabla haijapoa. Mwenye jiko la makaa alitumie nje au barazani. Jiko likiwashwa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu waliolala. Watoto wakae mbali, hasa wale wa kutambaa, kwa kuwa pasi iliyozimwa huonekana kama iliyopoa.

Na ikitokea mtu ameungua, mahali pale pawekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Asipake siagi, wala unga, wala dawa ya meno, wala majivu. Malengelenge yasitumbuliwe. Ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au liko karibu na jicho, apelekwe zahanati siku ile ile.